Karani wa Mabano

Mvua ya Kisumu mimi naijua kwa maandishi. Inaanza ndani ya mabano, [mvua, mbali], dakika chache baadaye inakuwa [mvua, juu ya bati], na mara nyingine, mwalimu akishindwa kabisa kuendelea, [mvua tu]. Nilipoteza kusikia nikiwa na miaka kumi na mitatu. Homa ya uti wa mgongo iliyabeba masikio yote mawili katika wiki moja, na kwa miaka mingi baada ya hapo mvua ilikuwa kitu cha kunilowesha basi. Aliyenirudishia sauti yake ni mzee mmoja ambaye sikuwa nimewahi kumwona uso. Tulimwita Karani.

Alikuwa karani kweli, wa mahakama, yule mtu anayekaa chini ya hakimu akipiga taipu kila linalosemwa. Alipostaafu, chuo chetu kilikuwa kimeanza kufundisha stashahada ya afya ya jamii kwa mtandao, na kikapokea wanafunzi wa aina yetu: viziwi wachache, na Halima wa Kaloleni ambaye haoni kabisa. Mtu fulani ofisini akakumbuka kwamba kuna mzee anayepiga taipu haraka kuliko watu wanavyoongea. Wakamwomba aingie darasani, asikilize, aandike. Maneno yake yalipita chini ya skrini mstari kwa mstari, sisi tukasoma, na baada ya somo simu ya Halima ikamsomea rekodi, ziwe noti zake. Kwenye kompyuta zetu Karani alikuwa kisanduku cheusi chenye herufi K. Kamera hakuiwasha hata siku moja.

Mimi nilisomea kwenye ngazi za nje za nyumba tunayokaa Manyatta, ghorofa ya juu, kwa sababu ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu. Kutoka pale ziwa linaonekana kipande tu, katikati ya mapaa. Asubuhi za ukungu maji na mbingu vilishikana, magugumaji yakasogea polepole na ndege juu yake, na mimi nikitazama maneno ya Karani yakipanda nilisahau kwamba nimekaa kwenye saruji baridi. Mama alinikuta hivyo mara nyingi. Alikuwa ananigusa bega kwanza, nisije nikashtuka.

Kila somo Karani alilifungua kwa maneno "Kikao kimeanza" na kulifunga kwa "Kikao kimefungwa", na wahadhiri walicheka mwanzoni, halafu wakazoea, halafu wakaanza kumsubiri aseme kikao kimeanza ndipo nao waanze. Kila kitu kwake kilikuwa rekodi. Mwanafunzi akiomba ruhusa aende kunyonyesha, Karani aliandika ombi na ruhusa. Mwalimu akitoa ahadi ya kusahihisha kazi kufikia Ijumaa, Karani aliongeza chini yake: iingie kwenye rekodi. Ijumaa ikifika bila kazi kusahihishwa, mtu alikuwa anarudi kwenye rekodi na kuinakili, na kule ofisini nasikia kulikuwa moto.

Sikumpenda mwanzoni. Niseme ukweli. Nilimwona mzee anayejaza skrini na mambo ya kuku. Mwalimu anaeleza kipindupindu, na katikati ya sentensi, [kuku, dirishani kwa mwalimu]. Mwalimu anaeleza chanjo, na hapo hapo, [pikipiki inapita. imerudi.]. Nilikuwa nimeingia chuo nikiwa na hasira na njaa ya kusoma, na nilitaka masomo, sikutaka kuku. Nikaandika barua kwa ofisi nikilalamika. Ofisi ikamkataza.

Kwa wiki tatu Karani aliandika maneno ya mwalimu peke yake, safi, bila mabano hata moja. Wiki ya tatu, katikati ya somo, mwalimu alinyamaza mdomo ukiwa wazi, na nyuso zote kwenye skrini zikaanza kucheka. Watu walishika mbavu. Mmoja aliinuka kabisa akaacha kiti. Chini ya skrini palikuwa patupu. Mimi nilikaa pale kwenye ngazi nikitazama watu thelathini wakicheka ndani ya kioo, na nililia kama mtoto aliyefungiwa nje.

Nikamwandikia kwa faragha, mara yangu ya kwanza: "Walicheka nini?"

Jibu lilikuja kesho yake. "Binti Achieng, mbuzi aliingia chumbani kwa mwalimu akalia mara moja, wakati ule ule mwalimu alipouliza kama kuna mwenye jibu. Nilitaka kuandika. Nimekatazwa."

Barua ya pili kwa ofisi niliiandika siku hiyo hiyo, nikaomba msamaha na kurudisha maneno yangu. Somo lililofuata lilikuwa la saa tisa alasiri, wakati mawingu yanapotoka ziwani kila siku. Karani aliandika kikao kimeanza, akaandika salamu za mwalimu, halafu: [kimya. halafu mvua.]. Nikainua macho. Mapaa yote ya Manyatta yalikuwa yanatoa moshi wa maji. Mstari ule ninao mpaka leo kwenye simu.

Alikuwa na ugomvi wa kudumu na neno moja, neno "hapa". Wahadhiri wanalipenda sana. Mwalimu wa usafi wa mazingira, mtu wa Seme mwenye roho safi na haraka nyingi, alikuwa anafungua mchoro na kusema, "Sasa hapa, as you can see, maji inatoka hapa inaenda hapa, halafu inarudi hapa." Halima alikuwa anakaa na hizo hapa tatu mkononi bila mahali pa kuziweka. Siku moja Karani akaandika: [mwalimu anaonyesha kitu. hajasema ni nini.]. Mwalimu akaendelea. [mwalimu anaonyesha kitu kingine. hajasema.]. Mara ya tatu mwalimu akasoma skrini yake mwenyewe na kusimama.

"Aki Mzee, sasa wewe unanistaki?"

[mwalimu anauliza kama anashtakiwa.]

Darasa zima lilicheka, safari hii mimi nikiwa ndani. Mwalimu akashusha pumzi, akarudi mwanzo, akaeleza: tangi liko juu, bomba linateremka upande wa kulia, choo kiko upande wa juu wa kisima, na hilo ndilo kosa. Tangu siku hiyo alieleza kila mchoro kabla hajaombwa. Baadaye alimwambia Halima kwamba alikuwa amefundisha mchoro ule miaka sita bila kuutazama vizuri.

Mmeona nimeandika "unanistaki"; Halima ndiye aliyenisimulia lilivyotamkwa. Mwalimu yule, kama wengi wetu tuliokulia kwenye Kidholuo, ulimi wake haukupewa "sh". Shamba lake ni samba, shida yake ni sida. Karani aliandika shamba na shida bila kusita, yeye aliyekuwa haongezi wala hapunguzi. Nilimchokoza siku moja: je, huko si kubadilisha ushahidi? Akanijibu kwamba mahakamani aliandika kile mtu alichokusudia kusema, na kwamba angeandika makosa ya ndimi za watu, nusu ya Nyanza ingefungwa bure. Nikacheka peke yangu kwenye ngazi. Mama alitoka kuangalia kuna nini.

Halafu kuna siku alipokosekana. Alituma ujumbe kwamba ana msiba, na ofisi ikaweka mashine inayoandika yenyewe. Mwalimu alisema mama mjamzito asiende shamba jua likiwa kali. Mashine ikaandika: mama mjamzito asiende simba jua likiwa kali. Tuliishi na yule simba wiki nzima. Karani aliporudi na kusikia habari hizo, aliandika kwenye kikundi chetu kwamba anampa pole simba. Hatukujua kwamba msiba haukuwepo. Siku ile alikuwa kwenye foleni ya hospitali ya macho.

Alikuwa na mambo yanayopingana, kama watu wote wanaostahili kukumbukwa. Alichukia kelele. Redio hakuwa nayo nyumbani, na kuku wa jirani aliwasema kama mashahidi wa uongo. Lakini hakuna kelele iliyompita. Alitofautisha kwarara, wale ndege weusi wanaopiga mayowe wakiruka juu ya mji, na korongo anayegonganisha mdomo. Alijua mwalimu anayecheka kwa furaha na yule anayecheka kwa sababu hajui jibu, na aliandika hivyo hivyo, [anacheka. hajui.]. Na pamoja na ukali wake wa rekodi, alikataa kabisa kueleza picha. Halima alipomwomba, alimjibu kwa Kiswahili chake cha mahakama kwamba yeye huandika kilichosemwa, na picha haijasema kitu.

Halima ni wa Waswahili wa mjini, babu zake walikuja Kisumu na biashara na hawakurudi Pwani, na akianza kukuomba jambo hakuachii. Alimpigia simu kila wiki. "Mzee Karani, kwani huyu kuku ni ndugu yako? Kuku anaingia kwa mabano, mimi picha yangu hapana? Hiyo ni ubaguzi, hata wewe unajua." Mwezi wa pili Karani akasalimu amri. Mabano mapya yakaanza: [picha: mikono miwili, sabuni, maji ya bomba.]. Yalikuwa mafupi na ya kweli. Mimi niliyekuwa naziona picha nilizikagua, na sikumkuta na kosa.

Na sasa nifike kwa sauti yangu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa.

Mimi siyo bubu. Nilikuwa naongea vizuri mpaka miaka kumi na mitatu, na maneno yote bado yamo. Lakini tangu nilipoacha kujisikia, sauti yangu ilienda mahali nisipopajua. Nikisema dukani, mtu ananitazama mdomo, halafu anatazama kando. Mama ananionyesha kwa kiganja, shusha, shusha, na midomo yake inasema, "Nyathina, mwanangu, pole pole, watu wanaangalia." Kwenye matanga ya mjomba nilimwona binamu yangu akiniiga mbele ya wenzake, taya limelegea, na wao wakicheka. Tangu siku hiyo nikafunga mdomo. Nyumbani niliongea na Mama. Nje niliandika kwenye simu na kuonyesha. Darasani niliuliza maswali kwa taipu. Karani alituandikia sauti ya kila kitu kilichokuwa na sauti katika jimbo lile. Yangu hakuwahi kuiandika, kwa sababu sikuwahi kumpa.

Mwaka wa tatu, muhula wa mwisho, picha zilianza kuwa nzuri. Zamani angeandika [picha: ndoo.]. Sasa aliandika: [picha: mama amebeba ndoo, anatoka ziwani, jua linachomoza nyuma yake.]. Halima alifurahi mno. Aliniambia kwamba hatimaye Karani amepata moyo. Mimi nilikuwa natazama picha yenyewe. Ilikuwa choo cha shimo, mlango wa bati, na mishale ya kuonyesha umbali kutoka kisimani.

Nilidhani ni utani wake. Nikacheka na kunyamaza, na hilo ni kosa langu, kwa sababu Halima alimweka yule mama na ndoo yake kwenye kazi aliyoandika, akaeleza kwa ukurasa mzima hatari za kuteka maji alfajiri, na mwalimu akamrudishia alama za aibu. Nikamwandikia Karani kwa hasira: "Picha ile ilikuwa choo." Hakujibu. Nikaandika tena kesho yake, na keshokutwa. Hakujibu.

Halafu ikaja Jumanne ya marudio, wiki tatu kabla ya mtihani. Mwalimu alianza, na chini ya skrini pakatokea: ,sko dsgo.

Mstari wa pili ulikuwa hivyo hivyo, na wa tatu. Viziwi wenzangu walianza kuandika alama za kuuliza pembeni. Mwalimu hakuona kitu, aliendelea kusema. Mimi nilitazama ,sko dsgo mpaka macho yakaniuma, nikashusha macho kwenye vitufe vyangu, na hapo nikaelewa. Kila herufi ilikuwa ya jirani wa upande wa kulia. Mkono ulikuwa umekaa herufi moja kando. Maji safi. Alikuwa anaandika maji safi, kila neno mahali pake, vidole vyake vikiwa na uhakika wote wa miaka yake ya mahakamani, na alikuwa haoni kwamba kinachotoka ni takataka. Hakuwa akiiona skrini. Hakuwa ameiona kwa muda, pengine tangu yule mama wa ndoo.

Ujumbe wangu hakuweza kuusoma. Lakini alikuwa anasikia. Kitufe cha kipaza sauti kilikuwa pale chini kushoto, bonyeza mara moja, sema neno moja: kushoto. Karani, kushoto. Nililiweka neno mdomoni. Niliweka kidole kwenye kitufe. Nyuso thelathini zilikuwa kwenye skrini, na nikamwona binamu yangu na taya lake katikati ya nyuso hizo ingawa hakuwa mwanafunzi wa chuo kile. Kidole kikarudi. Nusu saa nzima ya marudio ilipita ikiwa takataka, na mimi niliyejua dawa nilikaa kimya.

Nilimwandikia Halima. Yeye ndiye aliyempigia.

Jioni alikuja kwetu, akakaa kwenye ngazi kando yangu, akasema na simu yake ikageuza maneno yake kuwa maandishi niyasome. "Nimemwambia, Mzee Karani, mikono yako imeteleza, rudi kushoto moja. Halafu akauliza, nani ameona? Nikamwambia ni Achi. Akauliza, na mbona hakusema mwenyewe?"

Nilitazama ziwa. Halima akaguna, au nadhani aliguna, kwa sababu simu haikuandika kitu.

"Nikamwuliza na ile picha. Anasema aliona tu weupe na bluu, akajaza. Ati aliona haya kuniambia haoni. Mimi! Haya kwa mimi!" Alikuwa amekasirika kweli, na hasira yake ilichukua siku nne. Siku ya tano alimpigia tena kumfundisha namna ya kuifanya simu imsomee, na nasikia walitukanana kwa heshima kubwa kwa saa mbili.

Tulifika mtihani hivi. Yeye alisikiliza na kuandika, vidole havihitaji macho. Mimi nilipokea picha za somo mapema, nikazieleza kwa maandishi, simu yake ikamsomea, naye akaziingiza kwenye mabano yake. Halima alisikiliza rekodi ikisomwa, na vidole vya Karani vikiteleza alimpigia na kusema kushoto, au siku nyingine kulia. Msidhani palikuwa na utamu. Tuligombana kila siku. Karani alikataa vivumishi vyangu. "Binti, umeandika choo kibovu. Ubovu umeuona au umeuhukumu?" Nilikuwa nafuta na kuandika: choo, mlango umeng'oka bawaba moja. Yule aliyembuni mama wa ndoo sasa alinibana mimi kuliko hakimu, na nadhani alikuwa anajiadhibu yeye.

Tulifaulu, Halima kunishinda. Wiki ya mwisho Karani alifunga kikao kama kawaida, halafu akaongeza mstari mmoja kwamba karani anaomba kuondoka kwa sababu za afya, na iingie kwenye rekodi. Herufi K ikazimika. Kwenye sherehe ya kutunukiwa vyeti hakuja.

Ilipita zaidi ya mwaka. Alirudi kwao, upande wa Kombewa, na Halima ndiye aliyekuwa na habari zake, kwa sababu wao wawili waliweza kupigiana simu. Mimi nilibaki na cheti na simu ya kuonyesha watu. Halafu ikaja barua ya kazi: kutembelea kina mama wajawazito wa mtaa wa Mamboleo, nyumba kwa nyumba, kuzungumza nao. Kuzungumza. Nilikaa nayo siku kumi na moja. Nilikuwa nimeshaandika jibu la kukataa, la adabu, halijatumwa, Halima aliponiambia niende nimwone mzee na nimpelekee kifurushi. Ndani kulikuwa na shanga mbili ndogo na gundi. "Yeye atajua ni za nini," simu yake iliandika. "Na kama hajui, wewe utajua."

Nyumba yake iko nyuma ya soko, ya matofali, na ua uliofagiwa ukabaki na mistari ya ufagio. Alikuwa amekaa barazani mbele ya meza. Mtu mfupi! Kwa miaka mitatu nilikuwa nimempa mabega ya hakimu, na kumbe ni mzee mfupi mwenye sweta ya kijani na viatu vilivyopigwa rangi. Mezani palikuwa na kompyuta yake na vitufe vyake vya zamani, vimelika mpaka herufi nyingi zimefutika. Kuku wawili walizunguka miguuni, na hakuwafukuza.

Aligeuza kichwa kabla sijafika kwenye baraza. Midomo yake ilisogea chini ya masharubu, na masharubu yale hayakuniachia hata neno moja la kusoma. Mimi nilisimama. Nilitoa simu, nikaanza kuandika nionyeshe, halafu nikajiona mjinga niliyesimama juani nikimwonyesha kipofu maandishi. Nikairudisha mfukoni.

Sijui alijuaje. Labda mtu asiyejibu salamu na asiyeondoka, kwake alikuwa mmoja tu. Alivuta kiti karibu na meza, akaweka mikono juu ya vitufe, akaandika. Nikapanda barazani nikainama nisome.

lstoni

Nilijikuta nacheka. Karibu. Alikuwa ananikaribisha, herufi moja kando, mgongo umenyooka, na ananisubiri. Vile vinundu viwili ambavyo vidole hutafuta kwenye vitufe vilikuwa vimelika kabisa, na hakukuwa na Halima wa kumpigia simu. Tulikuwa yeye na mimi, na neno lilikuwa lile lile nililolirudisha tumboni siku ya marudio.

"Kushoto," nikasema. "Karani, kushoto."

Nilihisi sauti ikitoka kifuani, hivyo tu ndivyo ninavyojua kwamba imetoka. Mikono yake ilisimama hewani. Kuku mmoja aliinua kichwa. Halafu mzee alisogeza vidole vyote kumi, polepole sana, herufi moja upande wa kushoto, na akaandika kwa muda mrefu bila kusimama. Nilisubiri nikiwa nimeshika shanga za Halima mkononi mpaka zikaloa jasho.

[anacheka. halafu sauti ya mwanamke. nzito kidogo, inakwaruza mwanzoni kama kiti kinachovutwa sakafuni. ina haraka. maneno yote yanasikika. iingie kwenye rekodi.]

Nilisoma mara tatu. Angeandika kwamba ni sauti nzuri, nisingemwamini, nilishamjua na mama zake wa ndoo. Lakini kile kiti kilichovutwa sakafuni kilikuwa cha kweli, hakuna mtu anayembunia mgeni wake kiti cha namna hiyo. Kwa hiyo na yale mengine yalikuwa ya kweli. Maneno yote yanasikika. Nililia, na yeye akaandika [analia], na nikamwambia kwa sauti aache ukarani wake. Akaandika [shahidi anamkaripia karani].

Tulikaa mpaka jua likasogea. Nilibandika shanga moja kwenye F na nyingine kwenye J, naye akazipapasa kwa vidole vya shahada, akaitikia kwa kichwa, akaandika nimwambie Halima kwamba amejua ni za nini. Akaniuliza kama ziwa linaonekana kutoka barazani kwake siku hizi au miti imeziba. Nikamwambia linaonekana kidogo, upande wa kushoto wa mnazi mmoja, na maji ni ya kijivu. Akauliza kijivu nimekiona au nimekihukumu. Nikatazama tena, nikakubali kwamba kwa kweli ni ya kijani yenye vumbi. Akaridhika. Habari ya barua ya Mamboleo nilimweleza mwishoni, kwa mdomo, maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu asiye Mama, na hakunipa ushauri wowote. Aliandika tu kikao kimefungwa, kama zamani, na akainuka kunisindikiza mpaka mwisho wa ua, mkono wake begani kwangu.

Sokoni Kombewa nilipita kwa mama mmoja aliyepanga maparachichi kwenye gunia. Mkono wangu ulikwenda mfukoni kwenye simu, kwa mazoea. Nikauacha.

"Mama, nipatie mawili."

Aliinua uso akanitazama mdomo. Akasema kitu. Nikamwambia mimi sisikii, aseme akinitazama. Akaweka chini parachichi aliloshika, akanigeukia vizuri, akarudia, midomo yake ikifunguka pole pole: ya kula leo, ama ya kesho?

"Ya leo," nikasema.